Rafu ya Mabegi Kwa Bi Zuwena

Kila wiki ananijia kijana mmoja na paspoti mpya mkononi, ananiuliza, "Mzee Kombo, kule kukoje?" Namuuliza kwanza kama anajua kuchemsha chai. Hucheka, akadhani nampiga chenga. Sikupigi chenga, mwanangu. Nimekaa Saudia miaka ishirini na saba, na yote niliyoyajua kule niliyajulia nyuma ya sufuria. Nikikwambia habari za kule nitaanzia hapo hapo, nawe uvumilie.

Tangawizi iponde, usiikune. Ukiikuna inatoa ukali wote mara moja, chai inakuwa ya kuunguza mdomo tu, haifiki kifuani. Maji yachemke na tangawizi na hiliki mpaka yageuke rangi, ndipo utie majani, na maziwa mwisho. Ukishatia maziwa usibanduke. Wiki yangu ya kwanza Jeddah nilifurisha sufuria tatu, na mojawapo ni kwa kuwa nilitoka nje kutazama watu wawili wakigombea kiti cha mbele cha teksi. Bwana Awadhi, tajiri yangu, alinifuata mpaka barabarani na mwiko. Waliokuwa wakigombana wakaacha ugomvi wakanitetea.

Palikuwa Bani Malik, mtaa wa watu wa kazi, chumba kimoja wapangaji sita. Chini ya jengo la ghorofa nne lililobanduka rangi palikuwa na bufia. Bufia ndivyo wanavyokiita kule kijimkahawa cha chai na vitafunio. Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina la kafili, mdhamini wetu wa kisheria, Mwarabu mmoja mpole aliyekuja mara mbili kwa mwaka, akanywa chai, akatia sahihi karatasi, akaenda zake. Lakini Mswahili yeyote ukimuuliza alikwambia ni Kwa Bi Zuwena, hata miaka mingi baada ya Bi Zuwena mwenyewe kufa.

Bi Zuwena alikuwa mke wa Bwana Awadhi. Wote wawili wa Unguja, walihama wakiwa bado vijana, na vyombo vyao vya nyumbani walivitia katika sanduku moja wakamwachia jirani wa ukuta kwa ukuta. Walipopata pa kukaa Jeddah wakaliagiza. Sanduku likafika na kufuli lake zima. Kufungua, ndani mna magunia matupu na matofali mawili ya kulipa uzito. Kitu kimoja tu kilichokuwa chao kilisalia, kisutu chake, ile kanga ya harusi, nacho kilikuwa kimetumika kuyafungia matofali yasigongane. Bi Zuwena alisimulia habari hiyo huku anacheka, lakini hakuisimulia akiwa amekaa. Kila mara aliinuka akaanza kufuta meza zilizokwisha kufutwa.

Kwa ajili ya sanduku lile, bufia yake ikawa na rafu. Ilikuwa ya mbao, imejaa ukuta wa nyuma, toka juu ya jiko la mandazi mpaka darini, na juu yake mabegi ya watu. Anayesafiri kwenda likizo, anayehama chumba, dada wa kazi za ndani ambaye madam wake hataki kuona kitu chumbani, wote walileta mabegi yao kwetu. Na taratibu ilikuwa hivi. Bi Zuwena alichana ukanda mwembamba wa kile kisutu, akauchana tena kati kwa mkono, bila mkasi. Nusu moja aliifunga kwenye mkono wa begi, nusu nyingine akampa mwenyewe. Siku ya kuchukua, unaleta nusu yako, inawekwa kando ya nusu ya begi, na nyuzi za mchano zioane. Zisipooana, ondoka. Begi la mtu halifunguliwi na haliulizwi lina nini, na huna nusu huna begi.

Nilikuwa sijatimiza mwaka wakati alipokuja mtu mmoja, kijana mtanashati, akilia machozi ya kweli. Alisema kaka yake, mchukuzi wa bandarini, Mngazija tuliyemjua sote, yumo hospitali anakata roho na anataka vitu vyake. Nusu ya kitambaa imepotea katika kulazwa. Bi Zuwena hakuwepo. Nilimhurumia, nikamtelemshia begi, nikamsindikiza mpaka njiani na nikamtilia mandazi manne kwenye karatasi ampelekee mgonjwa.

Wiki iliyofuata Mngazija akaingia, mzima, na nusu yake mkononi. Ndani ya begi lile mlikuwa na nguo za harusi ya bintiye, alizokuwa akizikusanya kidogo kidogo tangu mtoto anajifunza kutembea. Yule mzee hakunitukana. Alikaa akaitazama nusu yake ya kitambaa, kisha akaomba maji ya kunywa. Hadi leo nikikumbuka namna alivyoyaomba yale maji najisikia mdogo.

Bwana Awadhi alitaka kunirudisha Unguja. Bi Zuwena akasema, "Muache. Huyu sasa ndiye wa kukaa na rafu. Aliyeungua ndiye anayejua moto." Toka siku hiyo nikawa mshika rafu, na vijana wangu, niliishika. Hata mke wa rafiki yangu alilia mbele yangu sikumpa. Watu wakanitania wakaniita Kufuli. Jina lilinipendeza, siwafichi.

Bwana Awadhi akafa, kisha Bi Zuwena, na bufia ikashikwa na binti yao Salha na mumewe Bakari, mtu wa Tanga mwenye maneno matamu na fikra mpya kila Jumatatu. Siku moja alileta birika la umeme na majani ya vifuko. Wateja walionja wakatazamana. Mpemba mmoja aliinua kile kifuko kwa uzi wake akauliza kama ni dawa ya kusukutulia. Jioni ile ile sufuria ikarudi jikoni. Salha alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikajua bufia iko salama. Salha alikuwa na moyo wa mama yake, ila laini zaidi. Kisutu alikirithi yeye, kikiwa kimebaki upana wa kilemba.

Upande wa wanawake ulikuwa nyuma ya pazia, na pale palikuwa na kidirisha cha kupitishia vikombe. Kwenye kidirisha hicho ndipo nilipomjua Mwanasha. Alikuwa msichana wa Kenya, wa Msambweni, akifanya kazi za ndani. Bosi wake alimruhusu kutoka asubuhi za Ijumaa, bahati ambayo wengi hawakuipata. Alikunywa chai ya rangi, tangawizi mara mbili. "Sukari mafi, mjomba," alinambia, yaani sukari usitie, kwa kile Kiarabu chetu cha jikoni, na kila Ijumaa alilisema hivyo hivyo kama vile mimi ni mgeni. Mamake alimpigia simu saa ile ile, naye alimweka mezani kwa sauti ya juu, tukamsikia sote, mwanamke mwenye sauti nene akiuliza mwanawe kala nini. Wanawake wa nyuma ya pazia wakawa wanamjibu pamoja.

Mkataba wake ulipokwisha hakurudi kwao. Rafiki alimwambia kuna kazi Riyadh, kazi isiyoandikwa popote. Nilimkanya. Nilimwambia ikama, kibali cha kukaa, ikiisha unakuwa mtu asiyekuwepo. Akasema, "Miezi sita tu, mjomba. Nimalizie nyumba ya mama, halas." Begi lake hakutaka kwenda nalo, maana mwanamke mwenye begi kubwa njiani huulizwa maswali. Salha alichana ukanda, akamfungia nusu kwenye begi, nusu akampa. Nje dereva alikuwa akipiga honi na kuita, "Yalla, yalla!" Mwanasha alikunywa chai yake wima, akajifunga buibui upya, akanisukumia begi kidirishani kwa mikono miwili, akakimbia. Nililipandisha mwenyewe, rafu ya pili kutoka juu.

Miezi sita ikapita, ukapita mwaka. Hilo halikunishangaza, kule miezi sita huzaa.

Kisha mchana mmoja wa Jumatano, baada ya adhuhuri, akaingia mwanamke mrefu, buibui limemkaa upande kama nguo ya kuazima. Hakwenda nyuma ya pazia. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye sufuria.

"Anko, wewe ndiye Kombo?"

"Ndimi."

"Thank God. Mimi naitwa Achieng, nimetoka Riyadh na basi. Mwanasha ni mgonjwa sana, ako hospitali, haongei. Simu yake iko na password na hakuna mtu anaijua, na laini ilifungwa ikama ilipoisha, hakuna simu inaingia. Hapo mbeleni kila saa alikuwa anatuambia begi yake iko kwa mjomba wa chai, Bani Malik. Namba ya mamake lazima iko ndani."

"Una nusu yake?"

"Nusu ya nini?"

Nikamwonyesha kitambaa kilichofungwa kwenye begi. Akatikisa kichwa. Alisema wameupekua mkoba wa mgonjwa na godoro lake, hawakuona kitu kama hicho. Akatoa simu yake akanionyesha picha. Niliona shuka, na barakoa ya kuvutia pumzi, na uso chini yake ambao ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Nikamtilia chai, nikamwambia akae, nikamwambia bila nusu sina la kumsaidia. Kichwani mwangu alikuwa amesimama yule kijana mtanashati na machozi yake.

"Please, anko. Basi fungua wewe mwenyewe. Mimi nitasimama kule nje, hata sitaangalia. Daktari alisema anaweza kuwa anasikia. Tunataka tu asikie sauti ya mamake kwa simu. Ni hiyo tu."

Nikasema begi la mtu halifunguliwi.

Salha alisikia sauti, akatoka nyuma ya pazia. Alimtazama yule mwanamke, akanitazama mimi. "Kombo, mimi naona ufungue. Namba tu."

"Mama yako asingefungua."

"Mama yangu kafa, Kombo."

"Ndiyo maana," nikasema. "Tukifungua sasa, rafu hii haitakuwa na maana tena."

Achieng akaweka mikono yake juu ya kaunta. "Anko, kwa jina la Mungu wako."

"Kwa jina hilo hilo ndiyo nimeshika amana."

Akaondoa mikono kauntani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonifanya usiku ule nijisikie nimeshinda, maana mwongo angepiga kelele au angelia. Sikujiuliza mwenye haki angefanya nini. Aliondoka akaacha chai yake haijaguswa. Salha alichukua kile kikombe akakimwaga mwenyewe, na kwa siku kadhaa alizungumza nami mambo ya unga na maziwa tu.

Mwaka uliofuata Nassor, mtoto wa Salha, alifungua tawi Riyadh, kule Al-Dirah karibu na masoko, nikapelekwa nikamfundishe mpishi. Lile tawi lilikuwa balaa. Baridi ya kule unga wa mandazi hauumuki, mpaka nikawa naufunika kwa blanketi langu mwenyewe, na wateja wakawa wanaokota manyoya kwenye mandazi. Miezi mitatu tukafunga. Lakini sikuwa nikifikiria mandazi. Kila nilipotoka sokoni niliwatazama wanawake warefu. Niliwauliza Wakenya wenye maduka kama wanamjua Achieng, wakacheka, Achieng wangapi. Nikarudi Jeddah nikajiambia Mwanasha alipona, akarudi kwao, begi amelisamehe. Mtu akitaka kulala hujitengenezea mto wa aina yoyote.

Miaka ikaenda. Jengo letu likachoka, na mtaa ukapangiwa kuvunjwa. Bakari alikuwa hawezi tena kwa miguu, Nassor kapata kazi ya ofisini. Salha akatangaza kwa wateja wote na kwa simu kila alikojua, njooni mchukue mabegi yenu. Wakaja wenye nusu zao, wengine wamezitia ndani ya kava la simu, mmoja kaishonea kwenye kofia. Siku ya mwisho yalibaki mabegi manane. Salha akasema, "Haya sasa tufungue tutafute wenyewe. Au nayo utanikataza?" Nikaleta ngazi.

La Mwanasha nililishika mimi. Nililiweka juu ya kaunta, vumbi la unga limeganda juu yake. Kabla ya zipu kubwa nikafungua kifuko cha nje, kile cha kutilia tiketi. Mkono wangu ukagusa kitambaa.

Ilikuwa nusu yake. Alipokuwa akijifunga buibui, dereva anapiga honi, aliitia pale apate mikono miwili ya kunisukumia begi, akaisahau. Chini yake palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimeandikwa kwa kalamu, Mama, na namba. Niliweka zile nusu mbili kando kwa kando. Zikaoana. Kile nilichomdai Achieng kilikuwa juu ya kichwa changu siku zote zile, kwenye kifuko ambacho hata zipu yake haikuwa imefungwa yote. Nilikaa sakafuni. Salha akaja akakaa pembeni yangu, akanishika bega, tukalia kama watoto, na mandazi ya mwisho ya bufia ile yakaungua.

Nikapiga ile namba. Ikaita. Sauti nene ikapokea.

"Mama, naitwa Kombo, napiga kutoka Jeddah, nilikuwa na bufia ya..."

"Wa begi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lilete." Akakata.

Basi niliporudi nyumbani kwa khuruji ya mwisho, ile viza ya kuondoka moja kwa moja, kabla sijafungua mabegi yangu mwenyewe, nilivuka nikaenda Msambweni. Bi Mejumaa, mama yake Mwanasha, alinipokea kwenye nyumba ya matofali ambayo nusu yake haina paa. Alinitandikia mkeka, akanipa maji, akaliweka begi mbele yake bila kulifungua.

Akanisimulia. Achieng alirudi Riyadh, na Mwanasha akaishi siku kumi na moja baada ya hapo. Akazikwa huko huko na watu wema wasiojua jina la baba yake. Baadaye Achieng aliporudi Kenya alikuja Pwani akijua neno moja tu, Msambweni, akazunguka msikiti kwa msikiti akiuliza nani ana binti aliyepotea Uarabuni, mpaka akafika kwenye mlango ule.

"Siku kumi na moja," Bi Mejumaa akasema. "Sikutaka mengi. Ningemwita jina lake tu, ajue niko."

Nilimwambia nilifuata taratibu. Maneno yalipotoka kinywani niliyaonea haya.

"Yule mwanamke alikuomba mara ngapi?"

"Mara tatu, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi aliniambia mara mbili. Alikustahi."

Ndipo nikamwambia kuhusu kifuko cha nje, nikatoa zile nusu mbili nikamwekea kwenye kiganja. Nilijua nampa kisu, lakini kumficha kungekuwa wizi wa pili. Alizitazama sana. Alizioanisha, akazitenganisha, akazioanisha tena. Kisha akaniuliza mwanawe alikuwa anakunywa chai ya namna gani kwangu. Nikamwambia: ya rangi, tangawizi mara mbili, sukari hataki. Akacheka kidogo, machozi yakimtoka. "Hapa nyumbani alikuwa anaimaliza sukari yangu yote," akasema. "Alikuwa anajinyima huyo."

Wanangu, nyinyi mtapewa taratibu kule, na nyingine ni nzuri, zimetokana na maumivu ya mtu. Zishikeni. Lakini mtu akisimama mbele yako amechoka, akakwambia fungua wewe mwenyewe, mimi sitaangalia, basi huyo haombi begi. Mimi sikuyajua hayo, nami nilikuwa na umri wa kuyajua.

Nilipoinuka kuaga nilimwomba radhi. Bi Mejumaa alipangusa vumbi la unga juu ya begi kwa upindo wa kanga yake. Kisha akasema, "Haki yangu nimekusamehe, Kombo. Ya Mwanasha si yangu kutoa." Akachukua nusu ile iliyokuwa kifukoni, nusu ya mwanawe, akaifunga kwenye begi. Ile ya pili, ya rafu yangu, akanirudishia. "Hii kaa nayo. Siku utakayokutana naye, umwonyeshe. Akiona zinaoana, atajua umekuja kumwomba nini."

Ninayo hapa, kwenye mfuko wa kanzu. Mke wangu huniambia, "Kombo, sanda haina mfuko, utaipitishia wapi?" Najua haina. Ndiyo maana kila asubuhi naitoa na kuutazama mchano wake, uzi kwa uzi, ili siku hiyo nikiulizwa nusu yangu iko wapi niweze kuieleza kwa mdomo.